Samaki 38 na wageni kumi: uchambuzi wa ziara ya siku moja Ash Meadows

Wageni ni kumi. Wametoka Las Vegas alfajiri kwa magari mawili, ni mwezi wa Aprili, na wote wamesoma habari ileile: hesabu ya majira ya kuchipua ya 2025 ilikuta samaki 38 tu wa aina ya Cyprinodon diabolis. Hao ndio wote waliokuwa wamebaki porini duniani kote, ndani ya shimo moja la maji liitwalo Devils Hole katika jangwa la Nevada. Vuli ya 2024 walikuwa 212. Mgeni aliyesoma habari kama hiyo haji na maswali mengi. Huja na moja: "Tutawaona?"

Hawatawaona. Ziara nzima inapaswa kupangwa kuanzia kwenye jibu hilo, na mwongozaji anayelificha mpaka mwisho ameshaiharibu siku kabla gari halijawashwa. Wageni waliokaa saa sita wakingoja kitu wasichoweza kukiona huanza kutafuta njia zao wenyewe za kukisogelea, na katika ardhi ya chemchemi za jangwani hapo ndipo hasara huanzia.

Maji yaliyosafiri maelfu ya miaka

Ash Meadows ni hifadhi ya wanyamapori ya serikali kuu ya Marekani, iliyoanzishwa Juni 1984 katika wilaya ya Nye, kama kilomita 145 kutoka Las Vegas. Ina ukubwa wa karibu hekta 9,700. Pembeni yake kuna Bonde la Mauti, Death Valley, mahali ambapo joto la kiangazi huua watu kila baada ya muda. Hata hivyo ndani ya hifadhi kuna makumi ya chemchemi zinazotoa kwa pamoja zaidi ya lita 38,000 kwa dakika, na kuna mimea na wanyama wasiopungua aina 26 ambao hawapatikani kwingine popote.

Maji hayo ni ya zamani. Ni theluji na mvua iliyoanguka milimani maelfu ya miaka iliyopita, ikapenya kwenye mwamba wa chokaa, ikasafiri polepole chini ya ardhi hadi ilipokutana na ufa mkubwa uliouzuia mwendo wake, ikapanda juu. Kwa sababu yametoka chini sana, yanatoka ya vuguvugu, na joto lake halibadiliki iwe Januari au Julai. Samaki na konokono waliobaki kwenye vidimbwi hivyo baada ya maziwa ya kale kukauka walijengeka kulingana na dimbwi lao: joto lile, chumvi ile, kina kile. Wenyeji wa Kenya na Tanzania wanaoijua Magadi na Natron watalielewa hili haraka, maana perege wadogo wa magadi wanaishi vivyo hivyo kwenye vijito vya maji moto ambavyo samaki wa kawaida asingedumu ndani yake hata saa moja.

Jambo la pili, na hili mwongozaji asiliruke: maji yote haya ni kitu kimoja. Ukiyapampu kisimani kilomita kadhaa kutoka hapo, dimbwi hushuka. Halikujulikana kwa nadharia, lilipimwa. Kwenye ukuta wa mwamba wa Devils Hole kuna washa ya shaba, ile ya kawaida ya fundi, iliyopigiliwa kuwa alama. Hadi 1968 uso wa maji ulikaa kama sentimita 37 chini ya washa hiyo. Mwaka huo shamba kubwa la jirani lilianza kupampu maji ya visima kwa ajili ya umwagiliaji, na kufikia 1972 maji yalikuwa yameshuka hadi karibu mita 1.2 chini ya alama. Kibaraza cha mwamba ambacho samaki hutagia kikaanza kutoka nje ya maji. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, kesi ya Cappaert, wenye shamba hilo, dhidi ya Marekani, na Juni 1976 majaji waliamua kwa kauli moja kwamba Rais Truman alipoliweka shimo hilo chini ya ulinzi Januari 1952, alilinda pia maji ya kulitosha. Hatimaye kiwango kikawekwa: maji yasishuke zaidi ya futi 2.7 chini ya washa, yaani kama sentimita 82. Nadhani hakuna washa nyingine ya shaba duniani iliyowahi kubeba hukumu nzito hivyo, na mgeni akielezwa habari yake vizuri huikumbuka kuliko samaki mwenyewe.

Kwa nini 38

Wageni wengi hudhani watalii ndio waliowamaliza. Waambiwe ukweli. Mnamo Desemba 2024 na Februari 2025 yalitokea matetemeko makubwa ya ardhi mbali na Nevada, na mtikisiko ulipofika kwenye shimo hilo jembamba maji yalianza kwenda na kurudi kama maji ya beseni lililobebwa na mtu anayekimbia. Jambo hilo si geni: Septemba 2022 tetemeko la Mexico liliinua mawimbi ya zaidi ya mita moja humo ndani, dakika 22 tu baada ya ardhi kutikisika huko. Mawimbi husafisha kibaraza, yakaondoka na mwani, wadudu wadogo na mayai, yote yakatumbukia kwenye giza lenye kina cha zaidi ya mita 130.

Kibaraza hicho kina urefu wa kama mita 5 na upana wa mita 3.5. Chumba cha kulala. Samaki wote wa aina hiyo hula na kuzaliana hapo, na hakuna mwenye urefu unaozidi sana sentimita 2.5. Maji ni nyuzijoto 33 hadi 34, hewa ndani yake ni haba, na wakati wa baridi jua halikifikii kibaraza moja kwa moja kwa wiki nyingi, hivyo chakula hupungua na idadi hushuka kila mwaka hata pasipo tetemeko. Hesabu hufanyika mara mbili, majira ya kuchipua na vuli. Wapiga mbizi hushuka huku wenzao wakihesabu juu ya kibaraza. Iliwahi kufika 35, Aprili 2013. Ikapanda hadi 191 Aprili 2024. Halafu ikawa hivi.

Hata hivyo mguu wa binadamu una kesi yake. Aprili 2016 wanaume watatu waliruka uzio usiku, mmoja akaingia majini na kukanyaga kibaraza. Samaki mmoja alikutwa amekufa. Aliyeingia alihukumiwa mwaka mmoja na siku moja jela. Watu watatu, usiku mmoja, kwenye chumba kimoja cha kulala ambacho ndicho makazi yote ya kiumbe hicho.

Siku kabla ya ziara

Jibu la "hapana" linatumwa jioni kabla, kwa maandishi, pamoja na kitakachoonekana: samaki wa ukoo uleule, wa buluu, umbali wa mkono mmoja. Pamoja na hilo waelezwe kubeba lita 4 za maji ya kunywa kila mmoja, kofia pana, darubini kama wanayo, na miwani ya jua ya polaroidi. Miwani hiyo si urembo. Inaondoa mng'ao juu ya maji, na bila hiyo nusu ya kundi itaona mawingu na nyuso zao. Mwongozaji aweke pea tatu za ziada mkobani.

Matangi ya magari yajazwe kabla ya kuingia, kwa kuwa ndani ya hifadhi hakuna mafuta wala chakula, na simu hukosa mtandao. Barabara ni za changarawe, nyingine za udongo wenye chumvi ambao ukinyeshewa hugeuka kuwa sabuni. Mvua ikinyesha usiku, ziara iahirishwe. Kuzunguka tope kwa kukanyaga pembeni hupanua barabara juu ya mimea ambayo haiko kwingine duniani.

Halafu viatu. Hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Soli zisuguliwe kwa brashi ngumu zikiwa kavu, mbegu zichokolewe kwa kijiti kwenye mashimo ya soli, zioshwe, na kiatu kilichowahi kukanyaga chemchemi au mto mwingine kikae kikavu kwa siku mbili kamili. Sababu inaonekana ndani ya chemchemi zenyewe. Kuna konokono mrefu mwenye umbo la pia, Melanoides tuberculata, ambaye asili yake ni Afrika na Asia. Kwenye maziwa yetu ni wa kawaida kabisa. Amesambazwa duniani na biashara ya samaki na mimea ya mapambo, na sasa amejazana Ash Meadows kando ya konokono wa asili walio wadogo kama punje ya mtama. Jike mmoja anatosha kuanzisha ukoo, maana huzaa bila dume. Kipande cha tope ndani ya soli ni gari tosha kwake.

Saa mbili asubuhi: Crystal Spring

Ziara inaanzia nyuma ya kituo cha wageni, kwenye njia ya mbao yenye mzunguko wa kama kilomita moja na nusu. Chemchemi hii hutoa karibu lita 10,600 kwa dakika. Hapa mwongozaji hazungumzii wanyama, anazungumzia maji, na afanye hivyo kwa makusudi: mgeni akianza na samaki hatasikiliza tena habari ya maji.

Mwongozaji mbele, msaidizi nyuma, na vituo vitatu tu. Kundi lililosimamishwa mara kumi hutawanyika, na waliochoka ndio wanaoshuka kwenye mbao kupiga picha. Ardhi pembeni ni nyeupe kwa chumvi na inaonekana kama haina uhai. Ina uhai mwingi. Juu yake kuna utando mgumu unaoishikilia isipeperuke, na mimea mifupi ya kijivu ambayo mtu huikanyaga bila kujua. Kuna mmea wa jamii ya kunde unaotambaa hapo, mfupi kama kiganja, ambao uko kwenye bonde hili peke yake. Alama ya kiatu kwenye utando huo hudumu muda mrefu. Kwa hiyo agizo lisemwe mara moja, kabla ya mguu wa kwanza kugusa mbao, na lisemwe pamoja na sababu: "Ndugu zangu, kitu kikidondoka, kofia, simu, chochote, hakuna anayeshuka kukichukua. Niambieni, nitawaarifu wahifadhi." Simu ndiyo hudondoka zaidi. Kamba ya kuivaa shingoni imalize mjadala.

Waoneshwe pia kazi ya ukarabati. Wakulima wa zamani waliyaingiza maji ya chemchemi kwenye mifereji ya saruji iliyonyooka, na bwawa la Carson Slough lilikaushwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kuchimba mboji. Jackrabbit, chemchemi nyingine humu humu, ilipampuliwa mpaka ikakauka. Baadaye palikuwa na mpango wa kujenga mji mzima hapa, kabla ya shirika la uhifadhi kuinunua ardhi 1984 na kuikabidhi serikali. Tangu hapo mifereji imekuwa ikirudishwa kwenye njia zake za kujipinda. Mkondo uliojipinda una sehemu za kasi na sehemu za kutulia, zenye joto na zilizopoa, na kila kiumbe hupata pake. Mfereji wa saruji una hali moja tu mwanzo hadi mwisho, na hali hiyo huwafaa wavamizi.

Saa nne: Point of Rocks

Hapa ndipo kiini cha siku, na saa mbili nzima zitengwe. Njia ya mbao ni fupi na inafika Kings Pool, dimbwi la maji ya nyuzijoto kama 32, safi kama kioo, lenye samaki wa Amargosa (jina la mto wa eneo hili) wa jamii ndogo ya hapa, Cyprinodon nevadensis mionectes.

Wageni wagawanywe watano watano. Watano wakiwa kwenye uzio wa dimbwi, wengine watano wabaki na msaidizi kwenye mkondo. Hatua za watu kumi juu ya mbao hutikisa nguzo, mtikisiko hufika majini, na samaki hukimbilia chini ya kingo. Watano wafike polepole, jua likiwa mgongoni lakini kivuli kisiangukie maji, wainame, wakae kimya dakika tano kamili kwa kutazama saa. Dakika mbili za mwanzo hakuna kitu. Ya tatu samaki hurudi.

Jike ana rangi ya kahawia yenye mistari ya wima na ni rahisi kumpita macho. Dume wa majira haya hana kificho: ni buluu ya chuma kilichopashwa moto, na anachunga eneo la mwani lisilozidi sahani ya chakula. Dume mwingine akivuka mpaka, anafyatuka, wanazungushana mduara mmoja au miwili, mvamizi anaondoka, mwenyeji anarudi palepale alipokuwa, sentimita kwa sentimita. Jike akipita, mwendo hubadilika. Dume humfuata ubavuni, wanasimama kwenye mwani, miili yao inapinda pamoja kama herufi S, na yai moja hutoka. Yai moja moja. Mgeni aliyeona hivyo ameelewa kwa nini mwani wa Devils Hole ukifagiliwa na wimbi kizazi chote huondoka nao.

Kosa la kawaida hapa ni mkono majini. Mgeni hana nia mbaya, anataka kuhisi joto. Lakini mkono una mafuta ya jua na dawa ya mbu, na dimbwi ni dogo. Mwongozaji abebe kipimajoto? Hapana, nacho hakiingizwi. Ataje joto tu, inatosha.

Kisha watazame mkondo unaotoka dimbwini, pale maji yanapopita kwa kasi juu ya kokoto. Ndani ya kokoto hizo anaishi mdudu wa maji mwenye urefu wa milimita 6, Ambrysus amargosus, asiyeruka, ambaye makazi yake yote duniani ni chemchemi za Point of Rocks. Haonekani kutoka kwenye mbao. Hata hivyo zioneshwe kokoto, kwa sababu mdudu huyu anategemea kasi ya maji: matope yakituama juu ya changarawe, au tawi likiziba mkondo na maji yakatafuta njia nyingine, makazi yake yanapungua bila mtu yeyote kugundua. Mtoto anayetupa jiwe kwenye mkondo anabadilisha nyumba yake.

Huenda akaonekana pia kamba mwekundu wa maji baridi. Wageni kutoka Kenya watamtambua mara moja. Ndiye yuleyule aliyepelekwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 na akabadilisha ziwa zima. Hapa anakula samaki, mayai na mimea, na wahifadhi humtega. Mgeni asimguse wala asimhurumie kwa kumrudisha majini kama yuko kwenye mtego. Kamba, samaki wa mapambo waliomwagwa kutoka majumbani, samaki wa mbu na vyura wakubwa ndio waliowabana wenyeji kiasi kwamba samaki mmoja wa Ash Meadows, Empetrichthys merriami, alitoweka kabisa katikati ya karne iliyopita. Kwenye dimbwi lenyewe hakuna kilichobaki kumwonesha mgeni kuhusu huyo. Atajwe kwa jina tu, na wasiharakishwe kuondoka.

Saa sita: Devils Hole

Wapo wanaoanza na Devils Hole kwa kuwa ndiyo iliyowaleta wageni. Ni kosa. Mgeni anayefika hapa akiwa hajaona samaki yeyote huona uzio, mwamba na maji meusi mbali chini, anapiga picha mbili na kuuliza choo kiko wapi. Aliyetoka Kings Pool anajua kilichomo humo.

Saa sita ina sababu nyingine: ufa wa mwamba ni mwembamba na mrefu, na jua hulifikia dimbwi kwa saa chache tu kuzunguka adhuhuri. Wageni wakisimama kwenye jukwaa la kutazamia, ndani ya ngome ya nyavu, wataona mwanga umetua upande mmoja wa maji. Hapo ndipo kibaraza kilipo. Kwa darubini wataona vifaa vya kupimia maji, na waelezwe kwamba kiwango hupanda na kushuka kidogo kila siku kwa mvuto wa mwezi na jua kwenye mwamba wenyewe, ingawa bahari iko mamia ya kilomita kutoka hapo.

Eneo hili, hekta 16, liko chini ya Hifadhi ya Taifa ya Death Valley ingawa limezungukwa na Ash Meadows, hivyo wasimamizi ni wengine. Uzio na kamera si kwa ajili ya samaki pekee. Mwaka 1965 vijana wawili walipiga mbizi humo na miili yao haikupatikana.

Swali litakalokuja ni hili: kwa nini wasihamishwe wote mahali salama? Jibu ni kwamba wengine wapo. Tangu 2013 kuna tangi la karibu lita 380,000 lililojengwa ndani ya hifadhi kwa kuiga Devils Hole, lenye kibaraza chake, joto lake na uhaba wake wa hewa. Halifunguliwi kwa wageni. Kulijenga ndiko kulikofundisha ugumu wa jambo hili, kwani mbawakawa mdogo wa maji aliyeletwa pamoja na vitu vya kibaraza alikutwa akila mayai ya samaki, kitu ambacho hakikuwa kimetambuliwa shimoni. Baada ya matetemeko, samaki kutoka kwenye tangi hilo waliongezwa Devils Hole mwaka 2025 na chakula cha nyongeza kikatolewa. Kwa hiyo tangi ni akiba. Shimo likikauka akiba haina pa kurudi.

Dakika ishirini zinatosha. Joto la adhuhuri hata Aprili linachosha wazee, na dalili ya kwanza ni mtu kunyamaza. Msaidizi amwangalie mwenye lita zake nne bado zimejaa.

Kwenye magari, kabla ya kupanda, viatu vinasuguliwa tena juu ya changarawe kavu ya maegesho, na mbegu zilizonasa kwenye soksi zinaingizwa kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa. Mwongozaji anaandika: tarehe, saa za kila kituo, idadi ya wageni, kilichodondoka na mahali kilipodondokea, kamba waliohesabiwa na wako nguzo ya ngapi kutoka mwanzo wa njia, tawi lililoziba mkondo kama lipo. Karatasi hiyo inaachwa kituo cha wageni siku ileile, kwa sababu tawi linaloondolewa leo ni changarawe ambayo bado haijafunikwa na tope.